Nani Atambeba Mama

Geum-ok alikuwa amechuchumaa jikoni anakatakata ngisi wakavu kwa mkasi, wa kupeleka sokoni kesho yake, pale mdogo wake wa kike alipotamka maneno yaliyomharibia majira yote ya majani mekundu.

"Mama," alisema Eun-jae, "mwezi ujao nakupeleka ukayaone maporomoko ya juu. Nakubeba mwenyewe, mgongoni."

Mama yao, Bibi Gil, alikuwa amekaa sakafuni penye joto, miguu imefunikwa blanketi. Alikuwa na miaka themanini na mitatu na magoti yaliyokwisha kazi. Aliposikia hayo alicheka, tena si kile kicheko chake cha kuwaridhisha watu. Alicheka mpaka akapiga mapaja.

"Unibebe wewe? Mgongo wa mwalimu huo, haujazoea mzigo!"

"Una kilo thelathini na nane, mama. Mfuko wa mchele na kuku wawili juu."

"Kuku wawili! Jamani, msikieni huyu. Mama yake ni kuku wawili."

Wakacheka pamoja. Geum-ok aliendelea kukata ngisi, na vipande vikaanza kutoka vyembamba kuliko vinavyouzika.

Maporomoko hayo Bibi Gil aliyaona mara moja tu maishani, majira ya baridi aliyoolewa, alipopanda mlimani na mumewe kutafuta kuni. Yalikuwa yameganda, anasema, yakining'inia kwenye jabali kama nguo nyeupe iliyoanikwa na mtu mkubwa kuliko mlima. Baadaye mlima huo wa Seorak ukafanywa hifadhi, njia ikafungwa miaka na miaka. Ilipokuja kufunguliwa, na ngazi ya chuma yenye vipandio mia tisa ikajengwa kupanda hadi jukwaa la kuyatazamia, magoti ya bibi yalikuwa yamekwisha. Kila mwaka majani yakigeuka mekundu alisema, "Ningeyaona tena mara moja tu." Na kila mwaka Geum-ok alimjibu, "Kwa magoti hayo, mama? Mimi mwenyewe siwezi." Kisha wakaendelea na mengine.

Miaka kumi na miwili, tangu amchukue mama akae naye, alimjibu hivyo. Kumbeba hakukuwahi kumjia akilini, na hapo ndipo palipomuuma. Eun-jae alikuwa amerudi Agosti tu, na masanduku mawili na ndoa iliyovunjika, baada ya kuishi Seoul zaidi ya miaka ishirini akifundisha watoto mazoezi ya viungo. Hajamaliza hata miezi miwili nyumbani, ameshaona kile ambacho dada yake hakukiona miaka yote.

"Utamwangusha," Geum-ok alisema hatimaye.

"Ndiyo maana nitafanya mazoezi, dada."

"Ngazi ile ni kama ukuta. Vijana wenyewe wanapanda wakishika magoti."

"Najua, dada."

Hiyo "najua, dada" ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Ukimpiga mtu neno akakurudishia neno, mnagombana, yanakwisha. Eun-jae alipigwa maneno akayapokea kama godoro linavyopokea fimbo: vumbi linatoka, godoro liko palepale.

*

Maandalizi yakaanza, na nyumba ikawa haina habari nyingine.

Eun-jae aliingia stoo akatoa jige ya marehemu baba yao, ile miti miwili yenye panda ambayo wazee walibebea kuni na mbolea mgongoni. Aliisugua, akaipaka mafuta, akaifungia kiti kidogo cha mbao chenye mto, ili mama akae amempa mgongo mbebaji. Kila alfajiri aliivaa na kupanda ngazi za ghorofa lao, kutoka chini mpaka ya kumi na tano, akashuka, akapanda tena. Wiki ya kwanza alibeba kilo kumi za mchele. Wiki ya tatu, ishirini. Wiki ya tano alikuwa anapanda na mifuko miwili ya ishirini, na majirani waliokutana naye kwenye ngazi walijibana ukutani kumpisha, wakimpigia makofi.

Mara tatu alikwenda peke yake hifadhini kuikagua ile njia. Alirudi na karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friji: mahali pa kupumzika ni pangapi, wapi reli ya kushikia iko kushoto na wapi kulia, wapi upepo unapiga. Alikata kucha za miguu fupi kabisa, maana wakati wa kushuka ndipo vidole vinapogonga kiatu. Mama naye alipewa mazoezi yake: kukaa juu ya kile kiti saa nzima bila kusinzia. Bibi Gil alikaa pale sebuleni, amefungwa mikanda, akitazama tamthilia kwenye televisheni na kula pea zilizomenywa, malkia mtupu.

Kisha vikaja viatu. Eun-jae alimnunulia mama viatu vya kupandia mlima, rangi ya zambarau, vya nini Mungu ndiye ajuaye, kwa maana mguu wa bibi haungegusa ardhi. Usiku huo Bibi Gil alilala navyo pembeni ya mto wake. Geum-ok aliviona asubuhi alipokuja kukunja matandiko. Tangu amchukue mama yake alikuwa amemnunulia viatu visivyo na idadi: vya manyoya vya baridi, vya kuogea visivyoteleza, vya hospitali. Hakuna hata jozi moja iliyowahi kupewa heshima ya mto.

"Vimependeza," alisema.

"Sivyo?" Mama aliviinua akavigeuza. "Eun-jae ana jicho."

Mchana huo Eun-jae alipika supu ya mwani, na bibi akainywa mbele ya wote wawili akisema, "Aa, hii supu! Hii ndiyo supu!" Geum-ok aliyekuwa amempikia mama huyohuyo supu hiyohiyo mara zisizohesabika aliondoka mezani akaenda kuosha chungu ambacho kilikuwa safi.

Sokoni nako hakukuwa na ahueni. Mkabala na kibanda chake cha ngisi alikaa Mama Dong-gyu, muuza kimchi, figili zilizochachushwa kwa pilipili, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua kufunga duka.

"Geum-ok! Nimesikia mdogo wako anambeba mama mpaka juu. Binti huyo! Siku hizi watoto kama hao wako wapi?"

"Wako," alijibu Geum-ok.

"Na wewe utabeba nini? Chupa ya maji?"

Wanawake wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko. Geum-ok naye alicheka, maana ukitaniwa sokoni usipocheka umekwisha. Lakini mdomo wake ulikuwa mchungu kama aliyetafuna dawa bila maji. Alikumbuka alivyompeleka mama msalani siku mia moja baada ya kuvunjika nyonga. Alikumbuka alivyofunga kibanda msimu wa wateja ili akae naye hospitali. Hakuna aliyempigia makofi ukutani. Mtu akifanya jambo kila siku linakuwa kama hewa; akija mwingine akalifanya mara moja, linakuwa sherehe.

Jioni hiyo alishindwa kujizuia.

"Ulikuwa wapi nyonga yake ilipovunjika?" alimuuliza Eun-jae jikoni, kwa sauti ambayo mama aliye chumba cha pili angeisikia. "Ulikuwa wapi? Ulituma matunda kwenye boksi."

Eun-jae alikuwa anafunga bandeji kisigino kilichochubuka. Hakuinua kichwa. "Najua, dada."

"Sasa umekuja kuvuna."

"Sikuja kuvuna kitu."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Sikuwa na pengine pa kwenda," alisema Eun-jae, akaivuta bandeji.

Kutoka chumbani, mama akaongeza sauti ya televisheni.

*

Kesho yake Geum-ok alianza mazoezi yake ya siri. Alipanda ngazi za upande wa pili wa ghorofa, mchana, wakati watu wako makazini, akiwa na gunia la ngisi begani. Gunia la ngisi wakavu ni kubwa likitazamwa, lakini ni jepesi. Yeye aliona ukubwa akajisifu. Siku ya kwanza alifika ghorofa ya tisa. Siku ya nne alifika ya kumi na tano, goti la kulia likiwaka moto, akasimama pale juu akihema na kujiambia kwamba hamsini na nane si umri wa kuzeeka, na kwamba mtu aliyeinua mama yake kitandani kila asubuhi hahitaji kufundishwa kubeba na mtu yeyote. Usiku alibandika plasta ya dawa kwenye goti, akavaa suruali ndefu ili isionekane.

Katikati ya Oktoba ikanyesha mvua ya siku mbili, ile waliyokuwa wakiisubiri. Maporomoko ya juu, mwenyeji yeyote wa mji wao wa Sokcho anajua, bila mvua hubaki uzi tu kwenye jabali. Mvua ikizidi, hifadhi hufunga njia; ikikatika, hufungua. Mpango wa Eun-jae ulikuwa huu: njia ikifunguliwa wangoje siku moja, vipandio vikauke, kisha waende maji yangali mengi.

Lakini Jumatatu, kwenye zoezi la mwisho, mkanda mmoja wa jige ulikatika. Asubuhi ya Jumatano Eun-jae aliitia jige garini akaenda mji wa Gangneung, kwa fundi mmoja wa mabegi aliyemwamini, akashonewe mkanda mpya.

Saa mbili na nusu simu ya Geum-ok ikalia kibandani. Ulikuwa ujumbe kutoka hifadhini: njia imefunguliwa.

Alitazama nje. Mawingu yalikuwa yamepasuka, na juu ya mapaa ya soko mlima ulionekana umeoshwa, kila jabali mahali pake. Aliusoma ujumbe tena. Angeweza kumpigia mdogo wake. Kidole kilikwenda kwenye jina la Eun-jae, kikasimama hapo, kikarudi.

"Mama Dong-gyu, nitazamie kibanda."

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kubeba chupa ya maji," alisema Geum-ok, akavua aproni.

Nyumbani alimvalisha mama nguo tatu tatu, kofia ya sufu, na vile viatu vya zambarau. Jige haikuwepo, kwa hiyo alifungua kabati akatoa mbeleko, ile nene ya pamba yenye kamba ndefu ambayo mama yao aliwabebea wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na ambayo Geum-ok alimbebea mwanawe.

"Eun-jae yuko wapi?" aliuliza mama.

"Anatufuata."

"Alisema kesho."

"Mipango imebadilika. Inua mkono."

Bibi Gil aliinua mkono, akamtazama binti yake usoni.

*

Teksi iliwafikisha getini. Kwenye njia tambarare kando ya mto Geum-ok alimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, na sehemu hiyo ilikuwa tamu. Majani yalikuwa mekundu na ya manjano, maji ya mto yakipiga kelele, na wapanda mlima waliowapita waliinamisha vichwa kumsalimu bibi. Njia ilipoanza kupanda, kiti kikagoma. Geum-ok alikiegesha kando ya mti, akachuchumaa, akamfunga mama mgongoni kwa mbeleko, akazungusha kamba kifuani mara mbili, akasimama.

Kilo thelathini na nane za mtu si kilo thelathini na nane za mchele, sembuse gunia la ngisi. Mtu anapumua, anaegemea, anageuza shingo kutazama ndege. Geum-ok alilijua hilo kitandani na bafuni, lakini hakuwahi kulijua kwenye ngazi.

Vipandio mia vya mwanzo alivipanda kwa hasira, na hasira ni kuni nzuri ila inaungua haraka. Mia mbili vilivyofuata alivipanda akihesabu kwa sauti. Vilikuwa bado vina maji, na kila alipokanyaga chuma kililia. Jasho lilimwingia machoni. Mwanamume mmoja aliyekuwa akishuka alisimama.

"Mama, nikusaidie?"

"Asante, tumeshafika," alisema Geum-ok, wakiwa hawajafika hata theluthi.

Kwenye kipandio cha mia tatu na kitu goti la kulia likakataa. Halikuuma hata, lilikunjika tu, kama mlango ambao bawaba imetoka. Geum-ok alidaka reli kwa mikono yote miwili, akaburuzika chini vipandio viwili kwa magoti, mama akigongana na mgongo wake na kutoa sauti ndogo, "Aigu!" Kofia ya bibi ikadondoka, ikapita katikati ya vyuma, ikaonekana ikizunguka kuelekea bondeni.

Walikuwa hatua chache juu ya mahali pa kupumzikia. Alishuka kwa makalio, kipandio kwa kipandio, mama mgongoni, mpaka wakafika kwenye benchi. Alifungua kamba, akamgeuza, akampapasa mikono, mbavu, miguu.

"Umeumia? Mama, umeumia wapi?"

"Sijaumia. Kofia ndiyo imekufa."

Geum-ok alimfunika kichwa kwa mtandio wake, akakaa kando yake. Suruali ilikuwa imechanika, damu ikichuruzika polepole kwenye soksi. Juu yao ngazi iliendelea, imeegemea anga. Kupanda hawezi. Kushuka hawezi.

"Mama," alisema mwisho, bila kumtazama. "Kama ningekuambia mimi ndiye nitakubeba, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu una masimango, Geum-ok."

Maneno hayo yalimpiga kuliko chuma kilivyompiga goti.

"Unanipikia supu nzuri, halafu unaipakua na maneno juu yake," mama aliendelea, bila ukali, kama mtu anayesema hali ya hewa. "Nyonga yangu ilivunjika mara moja. Wewe kwa kuitaja umeivunja mara mia. Nikasema, nikipanda mgongoni kwa huyu leo, habari zake nitazisikia mpaka kaburini."

"Na yeye?"

"Yeye ananionea haya kwa kuniacha miaka yote ile. Mgongo wenye haya mtu anakaa vizuri."

Geum-ok alitaka kukasirika akakosa pa kuishikia hasira. Wazee wanasema tenda wema wende zako. Yeye alitenda, lakini hakwenda. Alibaki palepale mlangoni anangoja aambiwe asante. Miaka kumi na miwili hakuiona sura yake hiyo, na mama alikuwa anaitazama kila siku.

Mkono wa mama ulikuwa wa baridi. Hilo ndilo lililomwinua. Alitoa simu.

"Eun-jae," alisema. "Tuko kwenye ngazi. Mimi na mama. Nimeshindwa."

Upande wa pili ikasikika sauti ya indiketa ya gari; Eun-jae alikuwa njiani kurudi, keshaukaribia mji. "Mko kituo cha ngapi?"

"Cha pili."

"Mfunike miguu. Msiondoke."

*

Ilimchukua muda usiofika saa moja. Walimwona kutoka mbali chini, jige mgongoni, akipanda bila kushika reli, hatua sawa sawa kama anayesukuma cherehani. Alipofika alimpita dada yake. Alipiga magoti mbele ya mama, akamshika viganja, akamtazama machoni, akamgusa kifundo kimoja, kingine. Aliporidhika ndipo aliposimama, na Geum-ok akaona kwa mara ya kwanza tangu Agosti uso wa Eun-jae umewaka.

"Una wazimu, dada? Ngazi mbichi! Ungeteleza naye je?"

"Nimeteleza."

"Siku moja! Siku moja tu hukuweza kungoja? Kwa nini?"

Geum-ok alikuwa na majibu mengi aliyoyatayarisha, yote yakianza na nyonga. Aliyaacha.

"Wivu," alisema. "Nimekuonea wivu, basi. Sina lingine."

Eun-jae akatoa sauti ambayo haikujulikana ni kicheko au ni kilio.

"Mimi? Wivu mimi? Dada, mimi hata dawa zake sijui ipi ya asubuhi. Nikimwinua kitandani analalamika, 'Geum-ok haniinui hivyo.' Nikimwosha kichwa, 'Geum-ok hamwagi maji masikioni.' Asubuhi, jioni, Geum-ok, Geum-ok! Ile supu aliyoisifu mbele yako, ulipoondoka tu mezani kaimwaga kwenye chungu cha maua. Nimemwona kwa macho yangu."

Wote wawili wakamgeukia mama.

"Ilikuwa na chumvi," alisema Bibi Gil.

"Si ungeniambia!"

"Ungesikitika. Huyu hapa angefurahi." Alijivutia mtandio. "Haya, mtagombana mkishuka. Mimi nimekuja kutazama maji, na maji yanaisha."

Wakampandisha kwenye jige. Hapo Eun-jae alihangaika na mkanda, na Geum-ok, bila kuambiwa, akaingiza mkono chini ya kwapa la mama, mwingine nyuma ya goti, akamkalisha kwa mkupuo mmoja laini.

"Eeh," alisema bibi. "Hivyo."

Eun-jae akainuka na mzigo, akaanza kupanda. Geum-ok aliambaa na reli nyuma yao, akipandisha mguu mzima kwanza na kuuburuta mbovu, mkono mmoja ukikiinua kile kiti kwa chini. Hakuwa na nguvu nyingi za kusaidia. Lakini kwa vile mama alikaa amempa mgongo mbebaji, uso wake ulimwelekea yeye aliye nyuma, hatua kwa hatua, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Na kadiri walivyopanda, bonde likazidi kufunguka mgongoni mwa Geum-ok, nao uso wa bibi ukafunguka pamoja nalo. Aliona macho ya mama yakiruka kutoka jabali hili hadi lile. Aliona anatambua kitu, anakunja paji, anakumbuka. Alimwona akitabasamu peke yake, tabasamu la msichana aliyeolewa wiki iliyopita, na Geum-ok hakuwahi kujua kama uso ule ulikuwa na tabasamu hilo.

"Yukoje?" aliuliza Eun-jae huko mbele, akihema. "Dada? Anafanya nini?"

Vipandio vitano, sita, Geum-ok alikaa na tabasamu hilo peke yake kama peremende chini ya ulimi. Mdogo wake ana uzito wote mgongoni wala haoni kitu. Yeye hana mzigo, naye anaona kila kitu. Ilikuwa tamu, tena tamu ya kihuni.

"Dada! Analia? Niambie!"

Sauti ilikuwa na hofu, na hofu hiyo Geum-ok aliijua. Ilikuwa ile yake mwenyewe ya jikoni, akikata ngisi, wawili wakicheka upande wa pili.

"Halii," alisema. "Anatabasamu. Anatazama ule mwamba wenye misonobari miwili. Sasa ananitazama mimi. Ananicheka."

"Anakucheka kwa nini?"

"Una makamasi," alisema mama, na Geum-ok akajifuta kwa mkono.

Toka hapo alimsimulia Eun-jae kila kitu, kipandio kwa kipandio, mpaka juu.

Jukwaani wakaigeuza jige taratibu, Bibi Gil akaelekea mlima. Maji yalishuka kutoka kileleni kwa mapande matatu, meupe, marefu, kimya kwa sababu ya umbali. Watu waliokuwepo walirudi nyuma kumpa nafasi. Alitazama muda mrefu sana. Mabinti walisimama kila mmoja upande wake, wakingoja atasema nini.

"Ni madogo kuliko nilivyofikiri," alisema. Kisha akaongeza, "Baba yenu alinishika mkono pale chini. Sikumwachia mpaka nyumbani." Halafu akauliza kama kuna aliyebeba chakula.

Geum-ok hakuwa amebeba. Mwenye gimbap alikuwa Eun-jae, alizonunua njiani asubuhi. Wali ulikuwa umepondeka na mwani umelowa, wakala wote watatu kwa mkono.

Kushuka kulichukua saa tatu. Kwenye njia tambarare walimkalisha mama kwenye kiti chake, akasinzia palepale. Eun-jae alikisukuma. Geum-ok alichechemea kando, ameshikilia mkono wa kiti.

"Nimekuwa nikifikiri," alisema Eun-jae. "Niendelee kukaa hapa. Nichukue zile siku za kumpeleka kliniki. Jumanne na Ijumaa. Wewe upumzike."

Geum-ok aliuhisi wivu ukiinua kichwa tena, mzima kabisa, kana kwamba haukupanda mlima wala haukuanguka. Ijumaa baada ya kliniki yeye na mama hukaa kwenye duka la tambi la mtaa wa nyuma, mama akila nusu bakuli na kumpa yeye nusu. Hakuna mtu mwingine anayelijua hilo.

"Jumanne chukua," alisema.

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa yangu."

"Sawa, dada."

Wakaenda hatua kadhaa. Goti lilimuuma, na mto ulikuwa na kelele.

"Dawa ya asubuhi ni ile nyeupe," alisema Geum-ok. "Ya manjano umpe baada ya kula."

Ilimjia mdomoni kuongeza ni miaka mingapi amekuwa akimpa dawa hizo, na ni nani aliyekuwa hayupo. Aliyameza maneno hayo, yakashuka kwa shida kama wali mkavu, akaendelea kuchechemea.